Tathmini Mpya ya Msimu wa Sita

Napenda kusema tangu mwanzo kwamba hakuna mtu aliyenituma kuandika haya, na kwamba huyo aliyenituma ameyasoma na kuridhika nayo. Mimi ni karani. Kwa miaka ishirini na saba nimeandika kumbukumbu za vikao vya serikali yetu, na sijawahi kuandika neno ambalo halikusemwa, isipokuwa pale nilipoelekezwa.

Mchezo wa besiboli uliletwa nchini kwetu na serikali moja rafiki, iliyotupatia msaada wa marungu elfu kumi ya mbao ngumu pamoja na mipira mia mbili. Jeshi la Polisi lilichukua marungu elfu tisa na mia nane kwa ajili ya kuyahifadhi, na mpaka leo linayahifadhi, mara nyingi hadharani. Mia mbili yaliyobaki ndiyo yaliyoanzisha ligi.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, mtu mmoja hurusha mpira na mwenzake hujaribu kuupiga kwa rungu. Akikosa mara tatu, zamu yake imekwisha. Akiupiga vizuri, anakimbia mpaka kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, halafu anarudi pale pale alipoanzia, na watu wanamshangilia kwamba amefanikiwa. Wananchi wetu waliuelewa siku ile ile.

Miaka ishirini iliyopita, katika Msimu wa Sita, tuzo ya Mpigaji Bora wa Taifa ilikwenda kwa kijana Dastan Kirumbi. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, tabasamu zuri, na mjomba aliyekuwa Mlezi Mkuu wa nchi. Warushaji wa timu nyingine walipewa semina ya siku mbili kuhusu namna ya kumrushia mpira kwa upole. Bado alikosa mingi, lakini ubao wa matokeo ulikuwa chini ya ofisi ya mjomba wake, na ubao haukukosa hata mmoja.

Kikombe kikawekwa Makumbusho ya Taifa. Barabara ikapewa jina lake, na sabuni pia. Baadaye akawa Waziri wa Madini, kwa kuwa alikuwa na uzoefu wa kukimbia na kurudi.

Halafu Jumanne moja mwaka juzi hakurudi. Alivuka mpaka na magari mawili ya serikali, na saa nane mchana akasikika kwenye redio ya jirani zetu akisema kwamba mjomba wake amezeeka.

*

Ilipofika saa tisa sabuni ilikuwa imeondolewa madukani. Saa kumi barabara haikuwa na jina, na waliokuwa wakiishi humo walitangaziwa wasipokee barua kwa muda. Kikombe tu ndicho kilichosumbua. Shirikisho la besiboli la kimataifa lilituandikia kwamba tuzo haiwezi kufutwa kwa sababu mshindi amesema neno redioni. Inaweza kufutwa kwa takwimu tu, ikithibitika kwamba kuna mchezaji mwingine aliyefanya vizuri zaidi.

Ndipo ikaundwa Tume ya Taifa ya Kutathmini Upya Tuzo za Msimu wa Sita kwa Njia ya Takwimu, yenye wajumbe tisa. Mwenyekiti alikuwa Jenerali mstaafu Profesa Mbuligwe, ambaye uprofesa alitunukiwa siku aliyostaafu ujenerali, ili asikae bila kitu. Mimi nikateuliwa karani.

"Ndugu wajumbe," Jenerali alisema siku ya ufunguzi, "takwimu hazina ndugu, hazina kabila, hazina chama. Hazina upande wowote. Kwa sababu hiyo ni lazima zielekezwe."

Tulipiga makofi kwa dakika nne. Niliyapima.

Tatizo likajitokeza siku ya pili. Takwimu za Msimu wa Sita hazikuwapo. Dastan alipokuwa waziri aliagiza kumbukumbu za ligi zisafishwe, na msafishaji, mtu mwaminifu, alizisafisha kwa maji. Tume ikakaa wiki tatu ikitathmini karatasi nyeupe. Wajumbe wawili walikuwa tayari kusaini.

Wiki ya nne akaja Bi Asteria Kiondo.

*

Bi Asteria alikuwa mama wa miaka sitini na minne, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Enzi za ligi alikuwa mwandika matokeo. Hakuna aliyekumbuka nani alimwajiri. Alikuwa amebeba kapu, na ndani ya kapu madaftari sita makubwa yenye majalada magumu.

"Mechi zote za Msimu wa Sita zimo humu," alisema. "Kila mpira uliorushwa, aliyeurusha, aliyeupiga, aliyeukosa. Nilikaa kila uwanja. Mvua ikinyesha niliandika chini ya mwavuli."

"Kwa nini uliyatunza miaka yote hii?" Jenerali akamwuliza.

"Nilijua mtakuja kuyauliza."

Jenerali alimwangalia kwa huruma, kama mtu anavyomwangalia mgonjwa asiyejua ugonjwa wake.

Tulimpa meza karibu na dirisha. Kwa siku tano Bi Asteria alijumlisha kwa penseli, akilamba kidole kila anapofungua ukurasa. Nilimpelekea chai. Aliniambia kwamba wanawe wamemcheka miaka ishirini kwa ajili ya madaftari yale, na mmoja alitaka kuyawashia moto wa kuchemshia maharage. Alikuwa anafurahi. Alikuwa anaimba polepole puani.

Siku ya sita akasimama mbele ya Tume na kusoma.

"Dastan Kirumbi. Alipata zamu mia moja na kumi na mbili. Alipiga tisa."

Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Tisa! Mjumbe mmoja alitoa machozi. Jenerali aliomba asomewe tena, na tena, na mara ya tatu wakaisoma wote pamoja.

"Titus Lugome wa Bandari," akaendelea Bi Asteria. "Zamu mia moja na tisa. Alipiga thelathini na nane. Huyo ni wa pili."

"Na wa kwanza?"

"Eliudi Semhina wa Karakana ya Reli. Zamu mia moja na kumi na nane. Alipiga hamsini na moja." Alivua miwani. "Hajawahi kutokea kama yule, mzee wangu. Hata kabla ya hapo, hata baada ya hapo. Mpira ukimfikia ulikuwa kama unamwomba."

Nilitumwa masijala kuleta faili la Semhina. Lilikuwa jembamba. Ndani mlikuwa na karatasi moja iliyosema kwamba Eliudi Semhina, kwa kupiga mara nyingi kupita kiasi katika msimu ambao mshindi alikuwa anajulikana, alitenda kosa la kuhujumu takwimu za taifa. Alifungwa miaka miwili na kufungiwa kucheza besiboli maisha. Chini kulikuwa na saini.

Jenerali alipoiona saini hiyo alisimama. Wajumbe wote wakasimama. Ilikuwa ya Mlezi Mkuu mwenyewe.

*

Hapo mambo yakawa magumu kidogo. Kusema kwamba Dastan alikosea ilikuwa wajibu. Kusema kwamba Semhina hakukosea ilikuwa ni kusema kwamba kuna mtu mwingine aliyekosea, na nchini kwetu mtu huyo hayupo. Hata hivyo barua ya Shirikisho ilitaka wachezaji walio hai wasikilizwe, kwa hiyo nikatumwa pamoja na Bi Asteria kumwita.

Tulimkuta nje ya Posta Kuu, amekaa kwenye kigoda, akijaza gesi viberiti. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, nywele nyeupe juu ya masikio. Kiberiti alikibana katikati ya magoti na kufanya kazi zote kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulilala mapajani. Alipokamatwa miaka ile, polisi walihifadhi rungu moja kwenye bega lake kwa muda wa siku tatu.

"Eliudi," Bi Asteria aliita.

Alinyanyua uso. "Dada Asteria. Bado unaandika?"

"Nimewasomea. Hamsini na moja. Nimewasomea mbele ya jenerali."

"Hamsini na mbili," alisema Semhina. "Ule wa mechi na Mamlaka ya Maji nilinyimwa na mwamuzi."

"Mwamuzi aliukataa, nikaandika amekataa."

Wakacheka wote wawili. Nilimsomea wito. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaendelea kujaza kiberiti.

"Waambie nimeshukuru. Siji."

Aliyebadilisha mambo ni bintiye, Mbonea, aliyekuwa amemletea baba yake chakula cha mchana katika bakuli lililofungwa kitambaa. Alikuwa mwalimu mwenye cheti cha daraja la kwanza, na hakuwa amewahi kufundisha hata siku moja. Fomu ya kuomba ajira ya ualimu ina swali la kumi na saba: *Je, mzazi wako aliwahi kuhujumu takwimu za taifa?* Mara tano Mbonea alijaza *Ndiyo*, kwa kuwa ni mkweli, na mara tano fomu ikarudi.

"Baba, nenda," alisema.

"Mwanangu, mimi nawajua."

"Nenda useme tu. Bi Asteria ana kila kitu kwenye daftari. Safari hii ni hesabu, baba. Hesabu watazikataaje?"

Semhina alimtazama bintiye. Kisha alifunga sanduku lake la viberiti, akaniambia, "Karani, mimi sitaki kikombe. Waandike *Hapana* kwenye hilo swali, basi."

Nilimwambia nitaliwasilisha ombi lake kama lilivyo.

*

Alifika Jumatatu katika Ukumbi wa Mikutano, amevaa shati lililopigwa pasi na bintiye. Mbonea aliruhusiwa kukaa nyuma.

Wajumbe walikuwa wamekesha na tatizo lile, na Jenerali alikuwa amelipatia ufumbuzi wa kisayansi. Titus Lugome, mtu wa pili, alikuwa amefariki miaka sita kabla. Marehemu hana redio, hana gari, havuki mpaka. Hakuna mshindi salama kumzidi. Ilibaki tu kumsaidia Semhina kuwa wa pili.

"Bwana Semhina," Jenerali alianza, "Tume imepokea takwimu zako kwa heshima kubwa. Lakini hii ni tathmini mpya, na tathmini mpya ni lazima iwe na takwimu mpya. Utapiga hapa, mbele yetu, na matokeo yataingizwa katika Msimu wa Sita."

Bi Asteria aliinuka. "Msimu wa Sita ulikwisha miaka ishirini iliyopita!"

"Umefunguliwa."

"Na mkono wake hauwezi, Jenerali. Kila mtu anauona."

"Tume haitathmini mikono, mama. Inatathmini wastani."

Mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu niliyoagizwa. Ili Semhina ashuke chini ya marehemu Lugome, alipaswa kukosa zamu ishirini na tisa. Ili kuokoa muda, iliamuliwa kwamba kila mpira uhesabiwe kuwa zamu nzima.

"Mtu anapewa mipira mitatu!" alisema Bi Asteria. "Hiyo ndiyo sheria ya mchezo, dunia nzima!"

"Nchi inayoendelea," Jenerali alimjibu kwa upole, "haiwezi kumpa mtu mmoja mipira mitatu."

Semhina akauliza, "Nikikataa?"

"Tathmini haitakamilika, na faili lako litabaki lilivyo."

Aligeuka nyuma akamwona Mbonea. Akanyoosha mkono wa kushoto, akapewa rungu.

Mrushaji alikuwa sajini wa walinzi, kijana mwenye mabega mapana. Mpira wa kwanza ulimpita Semhina kabla hajainua rungu. Wa pili pia. Alijaribu kusaidia kwa mkono wa kulia, bega likagoma, rungu likaanguka kwenye zulia, na wajumbe wakakumbushana kwamba zulia ni mali ya umma. Mpira wa tano, wa sita, wa kumi. Baada ya kila mpira nilisema "Amekosa" kwa sauti, maana ndivyo utaratibu ulivyotaka. Jasho lilikuwa limelowanisha lile shati lote. Mbonea aliziba mdomo kwa kitambaa.

Kabla ya mpira wa kumi na saba, Semhina alihama. Alisimama upande wa pili, akageuza bega bovu nyuma, akalishika rungu chini kabisa kwa mkono wa kushoto peke yake, na macho yake yakatulia. Sajini akarusha.

Sijui niuelezeje mlio ule. Mpira uliruka juu ya vichwa vya wajumbe tisa, ukagonga ukuta sentimita arobaini chini ya picha ya Mlezi Mkuu. Nilitumwa kupima.

Mtu mmoja alipiga makofi. Alikuwa Mbonea, na alipiga mara moja tu, akaacha. Bi Asteria alikuwa amesimama, amekunja ngumi mbili kifuani, anacheka kama msichana.

"Hamsini na mbili," alisema Semhina kwa sauti ndogo.

Jenerali aliniinamia. "Karani, hii inatufikisha wapi?"

Nilipiga hesabu. "Mheshimiwa, mpira mmoja aliopiga unamwongezea mitatu ya kukosa."

"Ongezeni mitatu."

Nilimwona Semhina akiisikia ile hesabu. Hakupiga tena. Alikosa yote iliyobaki, ikatimia thelathini na mbili, na alipomaliza aliliweka rungu sakafuni kwa uangalifu, kama mtu anayelaza mtoto.

Bi Asteria aliagizwa aingize matokeo katika madaftari yake. Alikataa.

"Msimu wa Sita ulikwisha tarehe ishirini na nane Novemba, saa kumi na dakika ishirini jioni," alisema. "Nilikuwepo. Nilifunga daftari."

Madaftari yakachukuliwa kwa ajili ya usalama wake, na mimi nikaingiza. Wajumbe walisifu mwandiko wangu.

*

Uamuzi wa Tume ulisomwa Ijumaa. Dastan Kirumbi alivuliwa tuzo. Mpigaji Bora wa Msimu wa Sita alitangazwa kuwa marehemu Titus Lugome, thelathini na nane kati ya mia moja na tisa. Eliudi Semhina alipongezwa kwa nafasi ya pili, hamsini na mbili kati ya mia moja na hamsini.

Mbonea alisimama. "Na swali la kumi na saba?"

Jenerali alishusha karatasi. Alieleza kwa masikitiko kwamba Tume ilikuwa na nia njema, ila limejitokeza jambo. Ndugu Semhina alikuwa amefungiwa kucheza besiboli maisha, na adhabu hiyo haijawahi kufutwa. Siku ya Jumatatu, mbele ya mashahidi kumi na wawili, alionekana akiupiga mpira kwa rungu, tena kuelekea picha ya Mlezi Mkuu.

"Ninyi ndio mliompa rungu!" Mbonea alipiga kelele.

"Hilo limo katika kumbukumbu," nilimhakikishia. "Nimeliandika."

Semhina alipewa miezi kumi na minane. Alipokuwa anatolewa alimwambia bintiye amrudishie mteja mmoja kiberiti chake cha rangi ya kijani.

*

Mwezi wa nane wa kifungo hicho, Dastan alirudi. Yeye na mjomba wake walikuwa wamezungumza kwa simu na kulia. Alipokelewa uwanja wa ndege kwa ngoma, sabuni ikarudi madukani, barabara ikapata jina na wakazi wake wakaruhusiwa kupokea barua zao. Tume ikaitwa tena Alhamisi ile ile.

"Sayansi haisimami mahali pamoja," Jenerali alisema.

Kazi haikuwa ndogo. Dastan alikuwa na tisa kati ya mia moja na kumi na mbili, na takwimu hizo zilikuwa zimeshatumwa nje, hazingeweza kuguswa. Ilibidi wengine wote washuke chini yake. Wachezaji wengi waliosikia habari hizo walikuja wenyewe asubuhi na mapema, wakakosa, wakaenda kazini. Wawili tu walihitaji kufuatwa.

Kwa marehemu Lugome ilipatikana mipira mia tatu sitini na minne. Tulikwenda makaburini tukiwa watu saba. Sajini alisimama hatua kumi na nane, mimi nikasimama pembeni na daftari. Mpira ulikuwa unagonga msalaba wa saruji au unapita na kuokotwa majanini, na mimi nasema "Amekosa." Mjane wake, mama mmoja mfupi aliyejifunga khanga kiunoni, alitazama tangu mpira wa kwanza. Tulipopita mia tatu akanisogelea.

"Baba," aliniambia, "mwandikieni hata mmoja. Hakuwa mtu wa kukosa yote."

Nilimweleza kwamba ningependa sana, lakini tunafuata kinachotokea mbele ya macho yetu. Akasema ameelewa. Baada ya hapo akaanza kutuokotea mipira, ili tumalize tuondoke.

*

Kwa Semhina ilipatikana mia nne tisini na nane.

Jenerali alikwenda gerezani mwenyewe kumweleza. Nilikuwapo. Semhina alikuwa amekonda, sare ya gereza imemzidi mabega, na meno mawili ya mbele hayakuwapo.

"Safari hii tuelewane," Jenerali alisema. "Usipige hata mmoja. Ukikosa yote, utaachiwa huru, na lile swali la binti yako litaondolewa kwenye fomu. Neno la ofisa."

"Liandikwe," alisema Semhina.

Likaandikwa. Jenerali alisaini, mimi nikagonga muhuri. Aliisoma karatasi mara mbili, kisha akaikunja na kuiweka mfukoni, akainuka.

Ilichukua siku mbili katika uwanja wa gereza. Hakukuwa na mtazamaji aliyeruhusiwa, lakini ng'ambo ya seng'enge, barabarani, alikuwa amesimama Bi Asteria. Hakuwa na daftari wala penseli. Nilimwona akitikisa midomo, nikajua anahesabu.

Semhina alisimama, rungu limening'inia mkono wa kushoto, na mipira ikampita. Hakuhangaika. Siku ya pili, karibu na adhuhuri, sajini alikuwa amechoka na mkono ukamlegea. Akarusha mpira wa polepole, wa usawa wa kifua, uliokuwa unakuja kama umechelewa mahali. Hata mimi, ambaye sijawahi kushika rungu, ningeupiga. Macho ya Semhina yakatulia kama yalivyotulia siku ile ukumbini. Rungu likapanda, labda kipimo cha kiganja kimoja.

Halafu likashuka.

"Amekosa," nilisema.

Nilipotazama kwenye seng'enge, Bi Asteria alikuwa amegeuka anatazama upande mwingine.

Mpira wa mwisho ulipopita Semhina aliuliza, "Imetosha?" Nikamwambia imetosha. Tulimpa cheti cha ushiriki, kinachothibitisha kwamba yeye ni mpigaji wa mwisho kwa ubora katika Msimu wa Sita, na akakisaini kwa mkono wa kushoto. Jioni ile Dastan Kirumbi alikabidhiwa kikombe kile kile kwa mara ya pili. Alishukuru sana takwimu.

*

Napenda wasomaji wajue kwamba serikali ilitimiza ahadi. Swali la kumi na saba lilifutwa kwenye fomu zote nchini ndani ya wiki mbili. Mbonea alijaza fomu ya sita na kuipeleka wizarani mwenyewe. Ofisa aliipitia ukurasa kwa ukurasa, akampongeza kwa kutokuwa na dosari yoyote. Kisha akamwonyesha kwamba waombaji hawatakiwi kuzidi miaka thelathini, na Mbonea alikuwa ametimiza thelathini na mmoja wakati baba yake yuko gerezani. Ofisa alisikitika. Alimwambia angekuja mapema kidogo tu.

Mwezi uliofuata nilipita Posta Kuu na kiberiti changu. Semhina alikuwa amerudi kwenye kigoda chake. Alikataa kunidai chochote, na alikuwa mchangamfu kuliko nilivyowahi kumwona.

"Karani, binti yangu anafundisha!" aliniambia. "Darasa la nne. Watoto arobaini na wawili. Anaondoka asubuhi anarudi saa kumi, amechoka hoi, nguo imejaa vumbi la chaki. Jioni ananisimulia mmoja mmoja. Kuna kasichana kamoja, Sikudhani, kalikuwa hakawezi kugawanya kabisa. Kabisa! Sasa kanagawanya kwa tarakimu mbili."

Nilisema ni habari njema.

"Mia nne tisini na nane," alisema, akitikisa kichwa. "Unajua ule mmoja nusura niupige? Nikamkumbuka Mbonea." Akawasha kiberiti changu kukijaribu, akanipa. "Nashukuru sikuupiga."

Kutoka hapo mpaka ofisini kwangu nakatisha Bustani ya Taifa. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya kazi. Kwenye benchi la mwisho, nyuma ya ua, alikuwa amekaa Mbonea. Alikuwa amevaa sketi ya bluu na blauzi nyeupe kama mwalimu, mkoba wa vitabu umelala pembeni yake. Alikuwa na kipande cha chaki, anakisugua polepole kwenye mkono wa blauzi na kwenye vidole.

Aliponiona alisimama.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba, mwalimu. Leo hakuna shule?"

Alitazama upande wa Posta, kisha akanitazama.

"Watoto wako mapumziko," alisema.

Ningeweza kupita. Nilikuwa na kikao saa tano.

"Sikudhani hajambo?" nikamwuliza.

Midomo yake ilicheza kidogo. Akaketi tena, akauvuta ule mkoba mapajani na kuukumbatia.

"Hajambo," alisema. "Wiki ijayo nitamwanzishia desimali."